Askofu Muge: Mwana wa Sisibo aliyekataa kunyamaza

Agosti 15, 2024, Rais William Ruto aliikabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Siku moja kabla ya sherehe hizo, ilikuwa imetimia miaka 34 kamili tangu Askofu Alexander Kipsang Muge wa Kanisa la Anglikana kufariki katika ajali ya barabarani eneo la Kipkaren, akirejea Eldoret kutoka Busia.

Hakuna aliyezipanga tarehe hizo mbili zifuatane. Hata hivyo, kwa yeyote anayetaka kufahamu Eldoret ni mji wa watu wa namna gani, na kwa nini jina la mji huo limewahi kutajwa kwa fahari na kwa hofu katika sentensi moja, maisha ya askofu huyo yanafaa kusomwa kando ya hati ile ya jiji.

Eldoret haina ngome ya mawe kama Mombasa wala misikiti ya karne nyingi kama Lamu. Ilianza kama shamba. Uwanda wa Uasin Gishu huanzia kwenye misitu ya Kaptagat, karibu na ukingo wa Bonde la Kerio, ukateremka polepole kuelekea magharibi hadi Turbo na Lugari. Waliotangulia kuukalia ni watu wanaokumbukwa kwa jina la Wasirikwa, ambao mashimo yao ya kuhifadhia mifugo yangali yanaonekana sehemu mbalimbali za nyanda hizo. Baada yao walikuja Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao ndilo lililobakia baada ya wenyewe kutawanywa na vita vya karne ya 19. Wanandi na Wakeiyo wakawa wakilisha mifugo yao humo.

Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza iliwaahidi Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya kwamba wangeweza kupewa uwanda huo wawe na makao yao. Wajumbe wao walifika kuukagua, hawakuvutiwa, na mwaka wa 1905 mkutano wao mkuu ukaikataa zawadi hiyo. Ni jambo la kustaajabisha kwamba aliyetoa na waliokataa walijadiliana kwa miaka miwili kuhusu ardhi ya watu ambao hawakuulizwa lolote.

Waliokubali ni Makaburu. Mwaka wa 1908 zaidi ya watu 200 wa jamii hiyo, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, waliwasili Mombasa kwa meli wakitoka kusini mwa Afrika, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakasafiri kwa magari ya kukokotwa na maksai kupitia misituni na matopeni hadi Uasin Gishu. Mashamba yaligawanywa kwa nambari. Mnamo 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na mji ukaota kuizunguka posta hiyo.

Nambari hiyo ndiyo asili ya Sisibo, jina ambalo Wakalenjin wanaliita jiji hilo hadi leo, yaani sitini na nne ya Kiingereza iliyotamkwa kwa ulimi wa nyumbani. Jina rasmi la Eldoret lilitolewa 1912 na linahusishwa na neno la kienyeji la mto wenye mawe, nao mto wenyewe ni Sosiani. Husimuliwa kwamba benki ya kwanza ilijengwa pale kasha zito la chuma la kuwekea fedha lilipoangukia kutoka kwenye gari la maksai, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuliinua tena. Hadithi hiyo, iwe ya kweli au imetiwa chumvi, inaueleza vizuri mji ambao watu walijenga pale safari ilipowafikisha.

Reli ilifika 1924. Wahindi walikuja wakafungua maduka. Wakikuyu, Waluhya na Waluo wakaja kutafuta kazi mashambani, relini na mjini. Wanandi, ambao kiongozi wao Koitalel arap Samoei alikuwa ameuawa na afisa wa Uingereza mnamo Oktoba 1905, walisukumwa kwenye maeneo waliyotengewa, wakawa wanarudi katika malisho yao ya zamani wakiwa vibarua. Kaptagat kwenyewe kukawa na mashamba ya walowezi na misitu ya serikali iliyokatwa mbao.

Uhuru ulipokuja, wengi wa Makaburu waliuza mashamba wakaondoka. Yaliyonunuliwa na mtu mmoja mmoja yakanunuliwa, na mengine yakachukuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, ambazo ziligawia wanachama wake waliotoka pande zote za nchi. Hapo ndipo ulipozaliwa mgogoro ambao Eldoret imeishi nao tangu hapo. Mmoja ana kumbukumbu ya babu yake kulisha ng'ombe mahali fulani, na mwenzake ana hati ya kununua mahali hapohapo kwa jasho lake. Wote wawili husema kweli.

Alexander Kipsang Muge alizaliwa mwaka wa 1948 katika jamii ya Wanandi, katika nyakati ambazo ardhi bora ya uwanda huo ilikuwa bado ya wazungu peke yao. Kabla ya kuvaa kanzu ya ukasisi alivaa gwanda. Alihudumu katika kikosi cha GSU, tawi la polisi linalotumwa pale serikali inapotaka utulivu upatikane haraka na bila maswali. Wachache kati ya wahubiri wa kizazi chake waliifahamu dola kutoka upande huo wa rungu. Wengine waliikosoa kwa yale waliyoyasoma na kuyasikia. Muge alikuwa amelala katika kambi zake, akazipokea amri zake na kuzitii.

Yamkini ndiyo sababu hakuonekana kutishika kirahisi. Mtu aliyefundishwa kutia hofu huijua hofu inavyotengenezwa.

Aliacha kazi hiyo akaingia katika masomo ya dini, akawa kasisi, na mwaka wa 1983, akiwa na umri wa miaka 35 hivi, akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Eldoret, iliyokuwa imetengwa kutoka ile ya Nakuru. Kanisa hilo wakati huo liliitwa Kanisa la Jimbo la Kenya, kwa kifupi CPK, na lilikuwa chini ya Askofu Mkuu Manasses Kuria. Jina la ACK linalotumika leo lilikuja baadaye.

Dayosisi aliyokabidhiwa ilikuwa pana kupita kiasi. Ilikusanya wakulima wa ngano na mahindi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia, wakulima wa chai wa Nandi, na wafugaji wa Pokot wanaohama wakifuata maji. Kiti chake kilikuwa katika Kanisa la St Matthew's mjini Eldoret. Ni muhimu kukumbuka ni nani hasa waliokuwa wakiketi kwenye viti vya makanisa yake. Waanglikana wa mjini hawakuwa wa kabila moja. Walikuwa Waluhya waliolelewa katika kanisa hilo tangu makwao, Wakikuyu, Waluo, na Wakalenjin kama yeye. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watu hawa sokoni na kanisani pia.

Mahali kama Langas au Huruma, mitaa ambayo mtu hupata chumba cha kupanga kabla ya kuulizwa ametoka wapi, askofu wa aina hiyo hakuweza kuwa wa kabila lake pekee hata kama angetaka. Kwa upande mwingine, hakuweza pia kuacha kuwa Mnandi. Nguvu zake na hatari iliyomkabili vyote vilitoka hapo.

Rais wakati huo alikuwa Daniel arap Moi, Mkalenjin kutoka Baringo na muumini wa kanisa la AIC. Bonde la Ufa lilihesabiwa kuwa ngome yake, na Eldoret ikapata manufaa ya kuwa ndani ya ngome hiyo. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilikuwa kimeanzishwa katika miaka ya sabini, na mwaka wa 1984 Chuo Kikuu cha Moi, cha pili cha umma nchini, kilianzishwa karibu na mji huo. Barabara zilijengwa na shule zikafunguliwa. Kiongozi kutoka Nairobi au Kisumu alipoikosoa serikali, jibu lilikuwa rahisi: alikuwa na chuki za kikabila au alitumiwa na wageni. Muge alipoikosoa, jibu hilo halikuwepo. Badala yake aliitwa msaliti wa watu wake, na hilo ni shtaka zito zaidi.

Agosti 1986, viongozi wa makanisa waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walipinga mpango wa chama cha Kanu wa wapigakura kupanga foleni nyuma ya wagombea katika uteuzi wa chama. Mpango huo ulifahamika kama mlolongo. Makasisi walihofia, na ilikuwa hofu ya busara, kwamba mchungaji akionekana na kundi lake lote amesimama nyuma ya mwanasiasa fulani, Jumapili inayofuata nusu ya kundi lake haitamsikiliza. Kanisa la AIC lilijiondoa katika NCCK kwa sababu ya mvutano huo. Muge hakuondoka katika msimamo wake. Alijiunga na wachache waliosema waziwazi, miongoni mwao Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, na Kasisi Timothy Njoya wa kanisa la Presbyterian.

Mwaka uliofuata alitoa hoja ambayo ingali inatajwa katika vitabu vya historia ya kanisa nchini. Serikali ya Kenya, kama zote za Afrika huru, ilikuwa ikilaani utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na makanisa yaliruhusiwa, hata yakahimizwa, kuulaani pia. Muge alisema hangelia kuhusu haki za binadamu kukanyagwa Afrika Kusini iwapo hangeruhusiwa kulia kuhusu kukanyagwa kwa haki hizo nchini mwake. Aliyesema hayo alikuwa askofu wa mji ulioanzishwa na Makaburu kutoka huko huko kusini. Katika Eldoret, Afrika Kusini haikuwa nchi ya mbali iliyosomwa magazetini tu. Wazee waliowahi kuwafanyia kazi Makaburu walikuwa bado hai, na walijua jinsi mtu anavyoishi katika ardhi ambayo sheria inasema si yake.

Uchaguzi wa 1988 ulithibitisha yote ambayo makasisi walikuwa wamehofia. Katika uteuzi wa Kanu, aliyezoa zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga foleni alitangazwa mbunge moja kwa moja bila kura ya siri. Sehemu nyingi foleni fupi ilitangazwa mshindi mchana kweupe huku watu wa foleni ndefu wakitazama. Jarida la Beyond, lililochapishwa na NCCK, liliandika kuhusu udanganyifu huo likapigwa marufuku, na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa. Muge hakunyamaza. Aliwataja vigogo wa chama katika eneo lake mwenyewe, jambo ambalo wakosoaji wengi wa serikali walilikwepa kwa kuisema serikali kwa jumla.

Huenda vita vyake vya Eldoret, Nandi na Pokot vilimgharimu zaidi ya vile vya kitaifa. Alizungumzia ufisadi wa viongozi wa wilaya, unyakuzi wa ardhi na mali ya umma, na njaa iliyowakumba wafugaji wa Pokot, njaa ambayo viongozi wa huko walisisitiza kwamba haikuwepo. Mwanasiasa wa kitaifa anaweza kuvumilia kulaumiwa na askofu kuhusu katiba. Kiongozi wa wilaya anayetajwa na askofu wake kwa jina, mbele ya watu wanaomfahamu tangu utotoni, kuhusu chakula ambacho hakikuwafikia wenye njaa, hasahau.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu mwepesi wa kuishi naye, hata kwa waliokuwa upande wake. Alikuwa mkali, mwenye kusema kabla ya kushauriana, na wenzake wa NCCK nao hawakusalimika na lawama zake pale alipoona wameegemea siasa kupita kiasi. Kwa Rais Moi binafsi, uhusiano wao ulipanda na kushuka. Kuna wakati alionekana kumtenga Rais na makosa ya waliomzunguka, akiamini kwamba mzee anadanganywa na wasaidizi wake. Kuna wakati lawama zilikwenda moja kwa moja Ikulu. Waliotaka awe mwanasiasa wa upinzani walikata tamaa naye, na waliotaka awe mtumishi wa serikali walikata tamaa mapema zaidi. Kimsingi alikuwa mhubiri wa kiinjili aliyeisoma Biblia kama ilivyo, na aliposoma kuhusu manabii waliokwenda kwa wafalme bila kuitwa, hakuona sababu ya kudhani kwamba yaliwahusu watu wa kale peke yao.

Hali ilizidi kuwa ya hatari. Aprili 1989 majambazi walivamia nyumba ya Askofu Gitari huko Kirinyaga usiku, naye akanusurika. Februari 1990 Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Dkt Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukapatikana siku chache baadaye katika kilima cha Got Alila ukiwa umechomwa. Julai mwaka huo Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliokuwa wakitaka mfumo wa vyama vingi, walitiwa kizuizini, na Julai 7, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba, watu wakamiminika barabarani Nairobi na miji mingine wakakabiliwa kwa risasi. Ili kupunguza presha, serikali iliunda kamati chini ya Makamu wa Rais, Profesa George Saitoti, kusikiza maoni ya wananchi kuhusu chama cha Kanu.

Ni katika hewa hiyo ambapo Waziri wa Leba, Peter Okondo, ambaye alikuwa mwanasiasa wa Busia, aliwaonya hadharani Askofu Muge na Askofu Okullu kwamba wakikanyaga wilaya hiyo wangekumbana na moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Onyo hilo lilitolewa siku chache tu kabla ya ziara ya Muge, na magazeti yakalichapisha. Lilikuwa jambo lisilo la kawaida hata kwa viwango vya miaka ile, si kwa sababu vitisho vilikuwa adimu, bali kwa sababu waziri wa serikali alitaja mahali ambapo askofu angeweza kufa.

Muge alikuwa na njia mbili. Angeahirisha ziara yake, na hakuna muumini ambaye angemlaumu. Busia haikuwa hata ndani ya dayosisi yake. Lakini kukubali kwamba waziri ana mamlaka ya kumzuia raia kuingia wilaya fulani ya Kenya kungekuwa kukubali kwamba kila wilaya ina mwenyewe, na kwamba wengine wote ni wageni wanaoishi humo kwa hisani. Kwa mtu wa Eldoret, hilo halikuwa wazo la kinadharia. Kama Busia ilikuwa na mwenyewe, basi Uasin Gishu nayo ingekuwa na mwenyewe, na waumini wake wa Langas na Burnt Forest wangeulizwa siku moja hati yao ya kukaa.

Jumanne, Agosti 14, 1990, alikwenda.

Busia ilimpokea. Watu walijitokeza kumlaki, alihubiri, na jua likazidi kusogea bila dhara lolote kumpata. Alasiri msafara wake ulianza safari ya kurejea nyumbani kupitia Webuye. Walipofika eneo la Kipkaren, kabla ya Turbo (si mtaa wa Kipkaren ulioko Eldoret kwenyewe, ambao wengi huuchanganya na mahali pa ajali), lori la kubeba maziwa liligongana na gari lake. Askofu Muge alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 42 hivi, na alikuwa ameihudumia dayosisi yake kwa miaka saba.

Habari zilipofika Eldoret, wachache walikuwa tayari kuamini kwamba ilikuwa ajali ya kawaida. Waziri alikuwa ametabiri kifo, na kifo kimekuja katika siku ile ile ya ziara aliyoikataza. Okondo alijiuzulu. Dereva wa lori alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari vibaya, akahukumiwa kifungo cha miaka saba, naye akafia gerezani kabla ya kukimaliza. Kwa sheria, kesi ilikuwa imekwisha. Kwa watu wa Eldoret kesi haikuwa imeanza.

Kuna mambo mawili yanayofaa kutenganishwa hapa, ingawa hadithi zinazosimuliwa mitaani huyachanganya. Jambo la kwanza ni kwamba barabara hiyo kuu ya kwenda Uganda, iliyobeba malori ya maziwa, mahindi, miwa na mafuta kwa wakati mmoja, imeua watu wengi ambao hakuna waziri aliyewatisha. Ajali kama hiyo ingeweza kutokea. Jambo la pili ni kwamba serikali iliyovumilia waziri wake kutamka vile haikuwa na haki ya kutarajia raia waamini kwamba ilikuwa bahati mbaya. Shaka iliyobakia haikupandwa na wapinzani wa Moi. Ilipandwa na mmoja wa mawaziri wake kwa kinywa chake mwenyewe.

Miongo miwili baadaye, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiza ushahidi kuhusu kifo hicho. Afisa mstaafu wa kitengo cha ujasusi cha polisi alidai mbele yake kwamba kulikuwa na mpango wa siri wa kumwangamiza askofu huyo, uliopewa jina la Shika Msumari. Yalikuwa madai ya mtu mmoja, na hakuna mahakama ambayo imewahi kuyapima. Ripoti ya tume ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 21, 2013. Ndani yake, kifo cha Muge kimewekwa katika sura moja na vya Pio Gama Pinto, Tom Mboya, JM Kariuki na Robert Ouko.

Yaliyofuata katika eneo lake ndiyo yanayofanya hoja yake ya Busia isomwe leo kwa uchungu. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kilifutwa, na vyama vingi vikaruhusiwa. Lakini wiki chache kabla ya hapo, Oktoba 29, 1991, mapigano ya kikabila yalikuwa yamezuka katika shamba la Meteitei, Nandi, na mwaka uliofuata moto ukasambaa hadi Burnt Forest na sehemu nyingine za Uasin Gishu. Watu waliokuwa wamenunua ardhi na kuishi humo kwa miongo miwili waliambiwa warudi makwao. Swali la nani ana ruhusa ya kukanyaga wapi, ambalo Muge alikwenda Busia kulikataa, lilikuwa limefika nyumbani kwake, naye hakuwepo.

Lilirudi tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Januari 1, 2008, katika kanisa dogo la Kiambaa nje kidogo ya Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa moto ndani ya nyumba ya ibada. Maelfu ya wengine walijaa katika ua wa Kanisa Kuu la Sacred Heart mjini, ambako askofu wa Kikatoliki Cornelius Korir, Mkalenjin aliyewekwa wakfu mwaka ule ule ambao Muge alifariki, aliwafungulia malango na kuwalisha bila kuuliza kabila. Korir naye aliitwa msaliti na baadhi ya watu wa jamii yake. Alifariki Oktoba 2017.

Eldoret hiyo ya mapigano ni ya kweli. Na ile nyingine ni ya kweli pia, ile ya soko ambalo mboga za Mkikuyu hununuliwa na mama Mnandi kwa bei waliyovutana kwa Kiswahili, ya fundi Mluhya na duka la Mhindi, na ya barabara ya Kaptagat ambako alfajiri wanariadha kutoka pembe zote za nchi, na hata kutoka Uganda, hukimbia kwa kundi moja pembezoni mwa msitu. Mji huo haujawahi kuchagua kati ya nafsi zake hizo mbili. Muge aliishi kana kwamba ulikuwa umekwisha kuchagua.

Dayosisi aliyoianzisha imegawanyika tangu wakati huo. Kitale ina askofu wake, na Kapsabet, katika nchi ya Wanandi alikozaliwa, nayo ina wake. Kanisa la St Matthew's limebakia kuwa kiti cha Eldoret. Mapendekezo mengi ya tume ya ukweli hayajatekelezwa, na faili ya ajali ya Kipkaren haijafunguliwa tena mahakamani.